KARANI NA CHETI CHA UFASIRI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kivukoni



Tumeombwa kunena machache juu ya makarani watakao cheti cha ufasiri huku wakiendelea na kazi zao. Jambo hili latuhusu sana, maana katika ofisi za Kivukoni karani hupewa waraka wa Kiingereza akaambiwa, "Tufasirie upesi." Naye hufasiri, kwa kuwa alisoma shule, lakini hakuna aliyempima.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria na hukumu nyingi zilikwisha kuandikwa kwa Kiingereza, basi kazi ya kuzifasiri ni kubwa, na kosa lake huwaangukia wanyonge. Tutazame mfano. Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa. Katika mirathi ya Kiislamu ndugu wa baba huhesabiwa katika asaba, mjomba hahesabiwi. Mfasiri akibahatisha, ugomvi wa nyumba ya Kariakoo umekwisha kuanza. Kadhalika, waraka wa Kiingereza ukisema saa 8 asubuhi, nasi tukaiacha tarakimu ile ile, mwenye shauri atafika saa 8 mchana, na jina lake limekwisha kuitwa.

Wako wasemao, "Tumefasiri miaka mingi, cheti cha nini?" Twawajibu hivi: mtu atuleteaye waraka hajui lugha ya pili, na kwa sababu hiyo hana njia ya kutusahihisha. Ameweka haki yake mikononi mwetu. Yafaa basi tupimwe na wajuao.

Kusoma kwa mbali si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mtihani wasiosoma madarasani mwake mwaka 1858, na kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Katika ufasiri, mtihani ujulikanao sana ni Diploma ya Chartered Institute of Linguists, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1910. Mtahiniwa hupewa habari za kufasiri na muda uliopimwa: sehemu moja ni ya mambo ya jumla, nyingine ni za fani, kama vile sheria au biashara. Atakaye kuingia na aulize kwanza, kabla ya kutoa ada, kama lugha zake mbili zimo katika mtihani wa mwaka huo.

Lakini masomo ya mbali yana upungufu mmoja, nao ni upweke. Somo huja, masahihisho hukawia, na wakati huo kosa limekwisha kuwa mazoea. Kitabu hakitatuambia kwamba sentensi yetu ni ya Kiingereza iliyovikwa kanzu ya Kiswahili. Jambo hilo huonwa na jicho la mwenzetu.

Kwa hiyo twashauri tuketi watatu watatu, mara moja kwa juma, baada ya kazi. Vyumba vya Kariakoo vina kelele za biashara na redio za majirani. Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, haiko mbali nasi. Kila mmoja afasiri ukurasa ule ule peke yake, saa ikiwa mezani. Kisha tubadilishane karatasi. Kwanza tusome Kiswahili peke yake, na palipotukwaza tupige mstari. Halafu tukilinganishe na asili, sentensi kwa sentensi, tuone kilichoachwa na kilichoongezwa. Maneno magumu tuyaandike katika daftari moja, tukifuata istilahi za Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ili neno moja lisiwe na sura tatu katika ofisi tatu.

Hatuwaahidi kwamba wote watafaulu. Hata atakayeshindwa mtihani atarudi mezani kwake akiwa mwangalifu zaidi, na mwenye shauri atapata faida. Walio tayari na wampe Bwana Katibu majina yao leo, kabla ya kutawanyika kuelekea pantoni na mabasi.