Dakika Tano Kabla ya Kupiga Simu

  

Leo tuzungumze juu ya kukaa kimya. Najua yupo anayesema moyoni: kimya tumekizoea, kambini tulinyamaza miaka mingi. Kile kilikuwa kimya cha hofu. Hiki ninachokisema ni cha mtu anayetaka kuona mambo yake vizuri. Wala si dini mpya. Mkristo akae hivyo baada ya sala, Mwislamu baada ya swala ya alfajiri, kabla hajakunja mswala.

Nilipofika Toronto kutoka Nyarugusu, baridi ya kwanza ilitukuta kwenye nyumba isiyopata joto. Watoto wa dada yangu walilala na makoti. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira hofu: nikilalamika watatufukuza, labda watatunyang'anya hata karatasi. Usiku mmoja nikakaa jikoni, nikazima taa, nikahesabu pumzi zangu. Nilifika sita, mawazo yakanichukua. (Ni kawaida. Unaanza tena moja.) Baada ya siku kadhaa niligundua kwamba niliyekuwa namwogopa ni askari wa kule nilikotoka, si mwenye nyumba wa hapa. Tena jirani yangu naye alikuwa anatetemeka vilevile.

Mwaka 1893 wakili kijana wa Kihindi, Mohandas Gandhi, alishushwa kwenye treni Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa sababu ya rangi yake, na tiketi ya daraja la kwanza anayo. Ilikuwa baridi kali. Koti lake lilikuwa kwenye mizigo, akaogopa kuliomba asije akatukanwa tena. Alikaa usiku ule kwenye chumba cha kungojea akijiuliza: nirudi kwetu, au nibaki nipambane na ubaguzi huu? Akabaki. Mwaka 1894 yeye na wenzake wakaunda chama cha Wahindi wa Natal. Tafadhali msiliruke hilo neno "wenzake".

Sisi tulibisha hodi milangoni, zikaja familia sita. Watu wote wakasema kwa pamoja, Kiswahili, Kilingala, Kiarabu, vurugu tupu! Mama mmoja mzee akaomba tunyamaze dakika tano. Zilipoisha akauliza, "Nani ana kipimajoto?" Wiki nzima tukaandika joto la kila nyumba, asubuhi na jioni, ndipo tukapiga 311.

Katika jiji hili, msimu wa baridi, mwenye nyumba anayetoa joto lazima alifikishe angalau nyuzi 21. Ukipiga 311, sema "Swahili", usubiri mkalimani. Kulalamikia baridi hakugusi karatasi zako za ukaaji. Kwetu joto lilirudi, ingawa baada ya kupiga simu mara kadhaa. Lifti bado inatusumbua, ile ni hadithi nyingine.

Neno moja kwa waliopitia vita: kimya kikikurudisha kule, usilazimishe. Fungua macho, kanyaga sakafu, inuka unywe maji. Kisha njoo tuonane, wapo wataalamu wa kukusaidia.

Sasa zimeni simu, tujaribu dakika tano. Tukimaliza, mwenye shida ya jengo anikute pale kwenye meza ya chai, nimekuja na vipimajoto.