Kwa Nini Injili ni Nne?

Mara nyingi wanafunzi hutuuliza: Ikiwa Yesu ni mmoja, mbona Injili ni nne, tena hazipatani katika kila neno? Swali hili si utovu wa adabu, wala si jipya. Hapo kale mtu mmoja alijaribu kulimaliza kwa kalamu yake.

Kwanza yatupasa kujua asili ya vitabu vyenyewe. Yesu hakutuachia kitabu alichokiandika mwenyewe. Maneno yake yalihifadhiwa vinywani mwa wanafunzi wake, kama wazee wetu walivyohifadhi habari za ukoo. Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi huihesabu kuwa ya kwanza, iliandikwa kwa Kiyunani karibu na mwaka 70. Mathayo na Luka walifuata, nao yaonekana walikuwa na kitabu cha Marko mbele yao. Yohana akaja baadaye. Luka mwenyewe asema mwanzoni ya kuwa wengi walikwisha kujaribu kutunga habari hizo kabla yake.

Vitabu hivyo vilinakiliwa kwa mkono, vikapelekwa mji kwa mji, na Wakristo wakavizoea kwa kuvisoma katika makutano yao. Karibu na mwaka 180 Irenaeus, askofu wa Lyon katika nchi iitwayo sasa Ufaransa, aliandika kwamba Injili ni nne, wala hazizidi wala hazipungui.

Miaka michache kabla ya hapo, Tatian, mtu wa nchi ya Ashuru aliyepata elimu Rumi, alizichukua zile nne akazifuma kuwa kitabu kimoja, kiitwacho Diatessaron. Wakristo wa Shamu walikipenda, wakakisoma kanisani vizazi vingi. Lakini katika karne ya tano Theodoret, askofu wa Cyrrhus, alikuta nakala zaidi ya 200 katika makanisa yake. Akazikusanya, akaziondoa, akaweka Injili nne mahali pake. Leo hapana nakala nzima ya kitabu cha Tatian kama alivyokiandika.

Basi, je, Tatian alikosa nini, maadamu nia yake ilikuwa kuwaondolea watu mashaka? Tufikiri juu ya baraza la wazee. Mashahidi wanne wakileta neno lile lile bila tofauti hata moja, wazee hutazamana, maana hushuku kwamba wamepatana njiani. Tena kila shahidi alisimama mahali pake. Mathayo aanza ukoo wa Yesu kwa Ibrahimu, baba wa Wayahudi. Luka aupandisha mpaka Adamu, baba wa watu wote. Mathayo ataja mamajusi, Luka ataja wachungaji. Marko hasemi neno juu ya kuzaliwa, bali aanza na Yohana akibatiza mtoni Yordani. Zikichanganywa habari hizi, twajua yaliyosemwa, lakini hatujui tena ni nani aliyesema lipi, wala kwa nini.

Kwa hiyo twawaomba ninyi mnaosoma, hasa wanafunzi: fungueni mwanzo wa kila Injili, mmoja baada ya mwingine, mkaandike kila mwandishi aanzia wapi. Msifanye haraka kuzipatanisha. Kwanza msikilizeni kila mmoja mpaka amalize maneno yake.