Mumiani ni Nani?

Somo hili limesemwa katika redio kwa ajili ya watu wazima wa Lushoto na wa milima yote ya Usambara. Sasa limepigwa chapa ili ulisome polepole pamoja na wenzako.

Bila shaka tangu utoto wako umesikia habari za mumiani, yule anayesemwa kuwa hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Jina hili ni la zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi mfano wa gundi, dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Lakini yaeleza pia kwamba watu wengine walidhani ni damu ya binadamu iliyoganda, na kwamba uvumi ukianza mjini, watu hawatoki nje baada ya jua kutua.

Baadaye watu walianza kuwashuku wazimamoto. Wana magari mekundu, mavazi yao ni ya namna moja, wana mipira mirefu, na watu hawajui wanafanya nini ndani ya nyumba yao siku ambayo hakuna moto. Mwaka 1947 huko Mombasa kundi la watu lilishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi huo.

Usidhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya wazee tu. Mwezi wa Oktoba 2016, katika wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walikuja kuchukua udongo wa kupima. Wanakijiji waliambiwa kwamba wanyonya damu wameingia. Watu wale watatu waliuawa, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wakitafuta udongo, na udongo ule ungemfaa mkulima.

Basi, kwa nini watu wenye akili zao huamini? Wazee husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nasema: ni kweli lipo jambo, lakini si lazima liwe lile linalosemwa.

Tazama milima yetu. Wajerumani walikuja, Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, na ardhi nzuri ikawa mashamba ya walowezi. Kisha, kuanzia mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo. Watu waliamriwa kulima matuta, na waliokataa walitozwa faini. Watu waliupinga mpango ule mpaka ukaachwa katika miaka ya 1950. Sababu zao zilikuwa nzito: kazi ilikuwa nyingi, amri ilitoka juu, na mashamba ya walowezi yalikuwa mbele ya macho yao. Katika miaka ile ile ya 1950, Amani ilikuwa mahali pa kuchunguza malaria, na malaria haichunguzwi bila tone la damu. Mtu aliyechomwa kidole bila kuelezwa damu yake inakwenda wapi, je, ni ajabu akiogopa?

Lakini hapa tupambanue. Shaka na uvumi si kitu kimoja. Watu wa Mlalo walikuwa na shaka, nao waliisema hadharani, ikaweza kujibiwa. Uvumi haujibiki. Ukiuliza, “Nani ameuawa?” utaambiwa, “Ni mtu wa kijiji cha pili.” Ukienda kijiji cha pili, utaambiwa ni cha tatu. Na ukosefu wa ushahidi nao hufanywa kuwa ushahidi: “Unaona jinsi wanavyoficha!”

Siku hizi uvumi hupita katika simu, tena wengine huufanya biashara. Yuko anayekuandikia kwamba Frimasoni watakutajirisha, mradi kwanza utume ada. Ukisha tuma, fedha imekwenda, na utajiri huuoni.

Kwa hiyo, ukisikia habari ya namna hii, uliza mambo manne. Nani aliona kwa macho yake? Aliyepotea ni nani, na jamaa zake ni akina nani? Nani anapata faida nikiamini? Na nikikosea, nani ataumia? Swali la nne ndilo kubwa, maana wale watatu wa Chamwino hawakuulizwa.

Nasi maafisa tuna wajibu wetu. Tusiingie shambani mwa mtu na kipimo kabla ya kukaa na wazee na kueleza tumekuja kufanya nini. Mlango uliofungwa ndio unaomzaa mumiani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Ni uvumi gani umepita kijijini kwenu, na ni hofu gani ya kweli iliyokuwa nyuma yake?
2. Mgeni akija kupima udongo au damu, aanze kwa nani, na aeleze nini?
3. Kelele za “mumiani!” zikipigwa usiku, wewe utafanya nini kwanza?