Mcheza Ugenini Naye Atunzwe

Najua harufu ya pilau imeshawafikia, kwa hiyo sitawachosha.

Nimeombwa niseme neno kwa mabinti wetu wanaocheza mpira wa wavu. Nimemchagua Lang Ping, Mchina aliyezaliwa Tianjin mwaka 1960. Kwa jinsi alivyoupiga mpira, walimbandika jina la Nyundo ya Chuma. Yeye na wenzake walitwaa Kombe la Dunia 1981, ubingwa wa dunia 1982 na dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles 1984. Mcheza kwao hutunzwa, naye alitunzwa hasa.

Kisha akafanya tulilofanya sisi: akafunga virago. Alikwenda Marekani, na bingwa wa Olimpiki akawa mwanafunzi New Mexico, huku akisaidia kufundisha timu ya chuo. Alirudi kuinoa China, wakapata medali ya fedha Atlanta 1996. Baadaye akafundisha Italia, na mwaka 2005 akakubali kuwa kocha wa Marekani, ambako angekuwa karibu na binti yake. Kwao wapo waliomwita msaliti.

Sasa tazameni Beijing, Agosti 2008. Ukumbi umefurika Wachina, timu yao iko uwanjani, na kwenye benchi la Marekani yupo Nyundo yao wenyewe. Mechi ikafika seti ya tano, Marekani ikashinda 3–2. Hakulegeza mkono kwa kuwaonea haya ndugu zake. Aliyekuajiri anakudai kazi kamili. Marekani iliondoka na medali ya fedha.

Mwaka 2013 China ikamwita tena, akaenda. Rio 2016 walianza vibaya, wakapoteza mechi tatu kati ya tano za kundi. Robo fainali wakakutana na wenyeji Brazil, mabingwa wa Olimpiki mbili mfululizo. Seti ya kwanza wakapigwa 25–15, wakajikusanya, wakashinda 3–2. Fainali wakaifunga Serbia 3–1. Hakuna aliyekuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki ya mchezo huu akiwa mchezaji, kisha kocha, kabla yake. Mwaka 2019 China yake ilishinda mechi zote 11 za Kombe la Dunia, na walioonja kipigo hicho ni pamoja na Malkia Strikers wetu wa Kenya. Chekeni tu, yameshapita.

Ndugu zangu, mtoto wetu akiitwa timu ya taifa ya nchi hii tuliyohamia, simu zetu zinajaa maneno: huyu kwao amepasahau. Lakini muuguzi wetu akikesha na wagonjwa wa hapa, tunamsifu kuwa mchapakazi. Kwa nini binti mwenye jezi ahukumiwe tofauti? Ile miaka ya Marekani na Italia haikumpunguzia Lang Ping Uchina wake. Alipoitwa nyumbani, alirudi na ujuzi wa kuwapa.

Ombi langu kwa kamati ni moja: mfuko wetu uwalipie ada ya mafunzo ya ukocha mabinti wanaotaka, ili siku wakiitwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wawe na cha kufundisha. Nasi wengine, binti akivaa jezi ya hapa, tumuulize mechi inaanza saa ngapi, twende tukamshangilie.

Karibuni chakula.