Moyo Haushibi kwa Mali



Napenda tutafakari pamoja swali moja: moyo wa binadamu unashibishwa na nini?

Tukitoka Mjini Unguja kuelekea Bububu, tunapita Marhubi. Hapo Sultani Barghash alijenga jumba la fahari. Mwaka 1899 liliteketea kwa moto, na leo zimebaki nguzo na kuta chache. Pale Forodhani alijenga Beit el Ajaib mwaka 1883, nalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakapoteza maisha. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu. Hata Kanisa Kuu letu la Mkunazini lilihitaji ukarabati mkubwa katika miaka ya 2010. Jiwe ni jiwe, liwe la jumba la mfalme au la kanisa.

Lakini tamaa ya mali ina hasara kubwa kuliko kuanguka kwa nyumba. Mahali lilipo Kanisa Kuu palikuwa na soko la watumwa, hadi lilipofungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu alipangiwa bei. Moyo usio na Mungu hukimbilia vitu, na vitu visipotosha, hugeuza hata watu kuwa vitu.

Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Mmoja wao aliitwa John Swedi. Mwaka 1879 alipewa daraja la ushemasi. Yule aliyehesabiwa kuwa bidhaa akawa mhudumu wa madhabahu. Thamani hiyo hakuinunua wala hakuuziwa. Alikuwa nayo tangu alipoumbwa.

Ndugu zangu, sisemi tudharau maendeleo. Kisima, zahanati na ada ya shule ni mahitaji ya kweli, na anayehubiri kuridhika mbele ya mwenye njaa bila kumpa chakula hajahubiri. Hatari ni pale kamati inapojiona hai kwa sababu imepata mradi, na kujiona imekufa mradi ukiisha. Hatari ni pale mfadhili anapotafuta amani ya moyo katika jina lililochorwa ukutani. Tajiri wa Luka 12 alipanga maghala makubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakiwa.

Basi nawaomba: kila kikao, kabla ya kufungua daftari la fedha, tusali kwanza, kisha tuulizane ni nani katika parishi yetu mgonjwa, mpweke au amesahauliwa, na nani atamtembelea. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Ndipo fedha itakuwa mtumishi wetu, na Mungu peke yake atakuwa shibe yetu.

Mungu awabariki nyote. Amina.