Kabla ya Kutia Sahihi: Nani Akukopeshe Pesa za Nyumba?

(Mazungumzo na vijana na familia baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani)



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu zangu katika imani, dada zangu, na wazee wetu mliokaa nyuma pale: najua futari inangoja na wengine mnatazama saa, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja. Mimi si sheikh. Nimekuwa karani katika ofisi ya wakili wa mashamba hapa Meru kwa miaka mingi, na kazi yangu ni karatasi. Nitawaambia yale ambayo karatasi zimenifundisha. Mambo ya fatwa mtawauliza maulamaa wenyewe.

Ramadhani iliyopita kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kule Embu, alinijia na mkewe. Wamepanga Kangaru, wana watoto wawili, kodi haikai mahali pamoja. Swali lake lilikuwa fupi: "Ami, tuchukue mkopo wa nyumba benki gani?" Mkononi alishika karatasi za matangazo za benki tano na Sacco mbili, kila moja ina picha ya familia inacheka mbele ya geti. Nikamwambia, mwanangu, hilo ni swali la mwisho. Wewe umeanza na la mwisho.

Hebu niwaambie kwa nini.

Mwanzoni mwa 2012 mzee mmoja mwenye duka la spea aliingia ofisini kwetu na barua. Alikuwa amenunua nyumba kwa mkopo wa shilingi milioni 3, wa miaka 15, kwa riba ya asilimia 14. Hiyo ni kama shilingi 40,000 kwa mwezi, na alikuwa anailipa bila shida. Mkopeshaji wake simtaji. Barua ilisema riba sasa ni asilimia 22. Piga hesabu: karibu 57,000 kwa mwezi. Elfu kumi na saba zimeongezeka juu ya nyumba ileile, paa lilelile, na yeye hajakopa hata senti nyingine.

Alidhani ameibiwa. Kumbe hakuibiwa. Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake kutoka asilimia 7 mwezi wa Septemba 2011 hadi asilimia 18 mwezi wa Desemba mwaka huohuo, kwa sababu shilingi ilikuwa imeporomoka na bei za vitu zimeruka. Mabenki nayo yakawafuata wateja wao. Na mkataba wake, ukurasa wa nne, ulisema wazi kwamba riba itabadilika mkopeshaji akiona inafaa. Sahihi yake ilikuwa pale chini. Nikamuuliza, "Mzee, uliusoma?" Akasema, "Nilisoma ile ya mwezi."

Ile ya mwezi! Wengi wetu tunasoma hiyo tu. Hata kama riba isingepanda, elfu 40 mara miezi 180 ni zaidi ya milioni 7. Amekopa 3, analipa 7. Nambari hiyo haikuwa kwenye tangazo.

Kilichommaliza lakini ni aibu. Alikaa miezi mitano bila kwenda kuongea na mkopeshaji, simu hashiki, nyumbani hasemi. Mkewe alijua siku dalali wa mnada alipokuja kupima nyumba. Mwishowe waliuza wenyewe kabla ya mnada, wakalipa deni, wakarudi kupanga chumba viwili. Alhamdulillahi hawakulala nje. Lakini yule mama hajasahau kwamba hakuulizwa.

Siku hizi sheria imebadilika kidogo, na ni vizuri muijue. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Dada zangu, ukiletewa karatasi uweke sahihi, usiambiwe ni "kawaida tu". Soma, uliza, chukua nakala yako. Sheria hiyohiyo inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya maandishi ya siku 30 kabla ya kubadilisha riba. Ukishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, anaweza kukuandikia notisi, na ni lazima akupe muda usiopungua miezi mitatu urekebishe. Baada ya hapo notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Na tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kinasema deni likishakwama, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichobaki wakati lilipokwama. Yaani una muda wa kuongea. Tatizo ni kwamba tunautumia kujificha.

Sasa tuje kwenye riba yenyewe, maana hapa ni msikitini na hatuwezi kuzungukazunguka. Surat al-Baqara, kuanzia aya ya 275, haikuacha mlango wazi. Lakini kila mwaka kuna kijana ananiambia, "Ami, kuna fatwa ya dharura." Ni kweli ipo moja mashuhuri, ya Baraza la Ulaya la Fatwa la mwaka 1999. Wanaoitaja huwa hawataji masharti yake: Waislamu wanaoishi katika nchi zisizo za Kiislamu, nyumba ya kukaa mwenyewe, asiwe na nyingine, wala asiwe na njia nyingine ya kuipata. Hilo la njia nyingine ndilo gumu kwetu. Kabla ya 2005 hapa Kenya ungeweza kubishana. Desemba 2005 Barclays ilifungua akaunti ya La Riba, na mwaka 2008 zikaanza kazi benki mbili kamili za Kiislamu, Gulf African na First Community. Hiyo ya pili ilinunuliwa na Premier Bank ya Somalia mwaka 2023 na sasa inaitwa Premier Bank Kenya. Mwaka 2017 ikaja DIB kutoka Dubai. Njia ipo. Kusema ni mbali au ni ghali ni maneno mengine, mpelekee sheikh wako uone atasemaje.

Lakini, na hapa wengine watanikasirikia, jina la Kiislamu mlangoni halitoshi. Chase Bank ilikuwa na dirisha la Kiislamu zuri tu, na ikaanguka Aprili 2016. Kadiri nilivyoiona mikataba hii, nimejifunza kuuliza jambo moja tu: leo hii, kabla hujamaliza kulipa, hii nyumba ni ya nani?

Kwenye mkopo wa riba jibu ni rahisi. Nyumba ni yako, pesa ni zao, na pesa zao zinazaa hata nyumba ikiungua. Kwenye murabaha, benki inanunua nyumba kwanza, tuseme kwa milioni 4, halafu inakuuzia wewe kwa milioni 6 na nusu ulipe kwa miaka kumi. Bei hiyo haisogei, Benki Kuu ifanye inavyotaka. Yule mzee wa spea angekuwa na mkataba huu asingepata barua ile. Kwenye musharaka ya kupungua mnanunua kwa ubia. Wewe umetoa laki nane, benki milioni 3 na laki mbili: humo ndani wewe una fungu moja kati ya matano. Kila mwezi unalipa kodi ya mafungu ya benki na kununua kipande cha mafungu hayo, mpaka yaishe.

Nzuri. Lakini muulize ofisa: kodi hiyo inapimwa kwa nini, na inabadilishwa lini? Mingine inafuata soko, kwa hivyo nayo hupanda. Nyumba ikiungua, hasara ni ya nani? Kama wewe ndiye unabeba yote, ubia uko wapi? Kwenye murabaha, muulize kama benki kweli inainunua nyumba kabla ya kukuuzia, au ni karatasi tu inayopita juu ya meza. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, utalipwa mara moja au mara mbili, na nani? Ukimaliza mapema watapunguza? Ukichelewa, faini inakwenda sadaka au inaingia kwenye faida yao? Ofisa anayejua kazi yake atakujibu kwa kukuonyesha kifungu. Anayekujibu "usijali, ni halali, tuna masheikh" bado hajakujibu.

Na msidanganyane kwamba halali ni lazima iwe rahisi kwa bei. Jirani yako ataenda kwenye Sacco inayopata pesa kutoka Kampuni ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, ile KMRC iliyopewa leseni 2020, na atalipa riba iliyo chini ya asilimia 10. Wewe huenda ukalipa zaidi. Lijue hilo kabla hujaingia, usije ukalijua mwaka wa tatu ukaanza kunung'unika kwenye futari za watu.

Tena, tusijione wanyonge kwa kutokuwa na mkopo wa nyumba. Kwa hesabu ya Benki Kuu, mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo hiyo kama 30,000 tu. Wakenya wengi hujenga polepole, mawe mwaka huu, mabati mwaka ujao. Baba zetu wengi hapa Meru walijenga hivyo.

Nirudi kwa mwalimu. Nilimuuliza nyumba yenyewe iko wapi. Akasema hanunui iliyojengwa, anataka kujenga kwenye shamba la babu kule Mbeere. Hatimiliki ina jina la nani? La babu. Babu yuko wapi? Amefariki. Vijana wakacheka, lakini nyinyi mliotoka Mbeere, Tigania na Igembe mnajua si kichekesho. Yeye alikuwa na bahati kwamba hatimiliki ipo, kuna mashamba huko ambayo bado hayajatolewa hati kabisa. Hakuna mkopeshaji, wa riba wala wa halali, atakayegusa ardhi ya marehemu. Na hata ikishakuwa yako, kama ni ya kilimo itapita Bodi ya Ardhi kwanza kabla ya kugawanywa au kuwekwa rehani.

Zile karatasi saba za matangazo akazikunja akaweka mfukoni. Kwa kuwa baadhi ya wajomba zake si Waislamu, hawakwenda kwa Kadhi, walikwenda mahakama ya kawaida kufungua mirathi. Tangazo lilitoka kwenye Gazeti rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zikapita, shangazi mmoja akanuna kisha akakubali baada ya kuhakikishiwa fungu lake. Wiki iliyopita mpimaji alikuja na vigingi. Mwalimu na mkewe bado wanapanga Kangaru. Benki watachagua mwakani inshallah, na mkewe ameniambia safari hii mkataba atausoma yeye kwanza.

Haya, adhana inakaribia. Mwenye karatasi yake aje nayo baada ya Tarawehe, nitakuwa pale kwenye baraza.