Kustaafu Kabla Magoti Hayajachoka

(Maneno ya ofisi ya miradi kwa wainjilisti na watumishi wa sharika, semina ya mwisho wa mwaka)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya kujitegemea kifedha na kustaafu mapema. Wakati wa kuandaa semina hii mzee mmoja alituuliza: "Mtu ambaye mshahara wake wenyewe unachelewa, atastaafu mapema kwa kitu gani?" Swali ni la haki, nasi tutaanzia hapo.

Kwa sheria yetu mwanachama wa NSSF anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Kwa hiyo tukisema mapema hatuna maana ya miaka 40, kama wanavyoota vijana wa Marekani. Tuna maana ya hiyo miaka mitano ya katikati, wakati mwinjilisti bado anapanda mlima kwenda shambani kwake bila fimbo.

Mwenzetu mmoja aliamua kuondoka akiwa na miaka 55. Alikuwa ametumika miaka 19, yaani miezi 228, na kila mwezi alikatwa. Alipokwenda kuuliza mafao yake akakuta michango ya miezi 171 tu. Usharika mmoja alikopitia ulikuwa unakata na haupeleki. Pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180, hivyo alipungukiwa miezi tisa. Akarudi kazini na magoti yake mabovu. Tena tukiri, ofisi yetu ilikuwa ikipokea taarifa za fedha za usharika huo kila robo mwaka, na hakuna kati yetu aliyeuliza stakabadhi za michango.

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10, na mwajiri anatoa iliyobaki. Mwajiri anatakiwa kuupeleka ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Wahazini mliopo hapa, fedha hiyo si ya kuazima ili kumalizia bati za kanisa.

Sasa hesabu. Mwaka 1994 Mmarekani William Bengen, mshauri wa mambo ya fedha, alionyesha kwamba mstaafu akitumia kama asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akiongeza kadiri bei zinavyopanda, akiba ingemfikisha miaka 30. Ndipo watu wakapata kanuni ya kuzidisha matumizi ya mwaka kwa 25. Alitumia masoko ya kwao, kwa hiyo kwetu kanuni hii ni kipimo tu, si ahadi. Lakini tuipime. Nyumba inayotumia shilingi 400,000 kwa mwezi inatumia 4,800,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 25, unapata milioni 120. (Tunasikia mnacheka huko nyuma.)

Igeuzeni hesabu hiyo. Kila shilingi 1,000 usiyoihitaji tena kwa mwezi inakupunguzia akiba ya shilingi 300,000. Mwenye nyumba yake, mahindi na maharage yake, na ng'ombe mmoja wa maziwa, pengine anahitaji fedha taslimu 180,000 kwa mwezi. Mzigo umeshuka hadi milioni 54, na pensheni ikiingia unashuka tena. Ndiyo maana tunawahimiza wainjilisti kujenga kwao mapema, hata vyumba viwili. Nyumba ya usharika ni ya usharika. Siku ya kuagwa unapewa blanketi na unakabidhi funguo.

Wengi mnatuuliza habari za miti. Msindano uliopandwa leo unataka miaka 15 hivi au zaidi ili utoe mbao nzuri. Mtu wa miaka 40 akipanda, inafaa kabisa. Tatizo tunaloliona ni kwamba mwaka wa saba mtoto anakwenda sekondari, na shamba linauzwa changa kwa bei ya kutupa. Kisha kuna moto, ambao hauulizi shamba ni la nani. Hivyo miti isiwe peke yake. Parachichi la kubebesha huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne, na linaweza kubeba ada wakati miti inakua. Wenye kiasi kidogo cha fedha waitazame Mifuko ya UTT, ambayo ilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Wanaofikisha shilingi milioni moja wanaweza kununua hatifungani za Serikali kupitia Benki Kuu. Riba hulipwa kila miezi sita. Mkopo wa SACCOS ni mzuri kwa miche na kwa ng'ombe. Kwa sherehe ya kipaimara tunaomba mtusamehe, hatutausifia.

Yule mwenzetu alimaliza miezi yake tisa. Sasa anapata pensheni, kidogo lakini kila mwezi, na ana miche 60 ya parachichi.

Baada ya chai tutakaa chumba cha wazee wa kanisa tukiwa na karatasi na kalamu. Kila mmoja aje na namba yake ya uanachama, tuhesabu miezi yake pamoja. Wahazini nao waje na vitabu vya stakabadhi, tangu Januari.